Bomba Lililokatazwa Kukohoa

Jumatatu, 13 Machi 1967. Homa Bay.
Mvua: hakuna. Maji: hayatembei.

Kitabu hiki ni cha pampu. Kule mgodini Migori nilikuwa naandika kila asubuhi: mvua imenyesha kiasi gani, maji shimoni yamefika wapi, pampu ina afya au imenuna. Mgodi ulipofungwa mwaka jana kila mtu alibeba alichoweza. Mmoja alibeba sururu, mwingine akabeba kiti cha ofisi kichwani kama chifu. Mimi Mirumbe nilibeba kitabu kitupu, kwa sababu mkono uliozoea kuandika ukikaa bure utaanza kushika chupa. Wangu umejifunza kushika vyote viwili.

Acha nijitambulishe, maana kitabu nacho kina haki ya kumjua anayekishika. Shule nilifika darasa la tatu; la nne lilinishinda likiwa bado mbali. Lakini nimefika Burma na jeshi, nimekunywa chai Kolombo, nimebeba zege Jinja bwawa lilipojengwa, na miaka kumi na mmoja nimeyapandisha maji kutoka chini ya ardhi mahali ambapo hata shetani angetaka taa. Maji yananijua. Nikiyaambia panda, yanapanda.

Sasa nimeitwa niyaambie yashuke, tena yashuke kwa adabu.

Mwenye kazi ni Mzee Nicodemus, karani mstaafu wa ofisi ya samaki, Mjaluo, Msabato wa kufunga tai hata akienda kukamua ng'ombe. Boma lake liko mlimani juu ya mji: mabati mekundu, sakafu ya saruji. Sebuleni kuna sanduku la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto, aliloachiwa na Mzungu wa ofisi alipokuwa akirudi kwao. Ndani yake wanaogelea fulu kumi na mmoja, wale samaki wadogo wa kwenye mawe ambao watu hapa huwakaanga na kuwala pamoja na mifupa. Nikacheka. Nikasema, "Mzee, hawa mbona bado hawajaiva?"

Hakucheka. Alinionyesha kitanda kilicho mbele ya kioo.

Mkewe, Mama Filister, alikuwa ameketi kitandani ameegemezwa mito minne, miguu imevimba kama ya mtu mwingine. Moyo. Hospitali wamemrudisha nyumbani na vidonge na maneno mazuri. Kwao ni kisiwa cha Mfangano. Anasema alikua akifua nguo kwenye mawe huku fulu wakimdonoa vidole vya miguu. Ziwa analiona dirishani, lakini kulifikia hawezi tena.

"Basi nikamletea kidogo," Mzee akasema, kama mtu aliyekwenda sokoni.

Shida ni kwamba maji yanaoza na samaki wanakufa, na siku akifa mmoja Mama hali chakula. "Walikuwa ishirini na sita," akasema Mama Nyanchoka, mjane kutoka Kisii anayemtunza mgonjwa, mwanamke mwenye ulimi wa kukata kuni. "Na wewe na huo mdomo wako wa kuwakaanga, utamuua na mwenyewe."

Kazi yenyewe: maji ya mvua kutoka tangi la nje yaingie polepole usiku na mchana, yanayozidi yatoke yenyewe, yasimwagike sakafuni, na yasipige kelele. Hilo la kelele Mzee alilisema mara tatu. Mama anatakiwa kulala. Daktari amesema hakuna kingine cha kumpa.

Nikamwambia Mzee, siku tatu.

Jumanne, 14 Machi.
Mvua: mawingu tu.

Nimebishana na Mzee. Ukisimama mlangoni ukitazama nje, upande wa kushoto ardhi inateremka vizuri. Bomba litoboe ukuta, lishuke, maji yanyweshe nyasi, kazi imekwisha. Mzee akasema, "Upande huo hapana." Kwa nini? "Hapana tu, Fundi. Pitisha kulia." Kulia kuna mwinuko, kuna jiko, lazima bomba lipindwe kwa viwiko vitatu. Nimesafiri nchi tano na sijaona mtu anayependelea kwenda kulia kwa viwiko vitatu. Makarani ni wakaidi, walizoea kugonga mhuri.

Alhamisi, 16 Machi.
Mvua: ya kwanza, jioni. Tangi la nje limepokea kidogo.

Limemalizika! Maji yanaingia, yanatoka. Nikamwita Mzee, nikamwita Nyanchoka, nikasimama pembeni kama mtu wa kupigwa picha.

Bomba likasema: gulu, gulu, gulu, khaaaa.

Likanyamaza. Tukatazamana. Likasema tena.

"Litazoea," nikasema.

"Bomba ndilo litakalozoea au sisi?" akauliza Nyanchoka.

Ijumaa, 17 Machi.

Halijazoea. Asubuhi Mama Filister aliniita. Anaongea maneno matatu kisha anapumua, maneno matatu kisha anapumua.

"Fundi, hiyo ni mimi."

"Nini, Mama?"

"Hiyo sauti. Ndiyo ninayosikia kifuani nikilala. Umeitoa kifuani, ukaibandika ukutani."

Mimi sikosi jibu. Muulize yeyote Migori. Safari hii niliweka sikio ukutani, nikasikiliza.

Mzee akanikumbusha kwamba jua likizama leo ni Sabato, na katika boma hili hakuna anayeshika chombo mpaka kesho jua lizame, hata mgeni, hata asiyeamini. Nimefunga maji na kuondoka. Samaki wamebaki kwenye maji ya jana.

Jumamosi, 18 Machi.
Nimeshinda sokoni. Fulu mmoja amekufa.

Jumatano, 22 Machi.
Mvua: kila jioni.

Siku tatu zangu zimekuwa tisa. Nimeweka kitambaa ndani ya bomba: likakohoa kwa pua. Nimeweka nyuzi za mgomba: likakohoa, kisha likaziba, nikachota maji kwa kikombe kabla hayajamwagika. Nimelizungushia gunia: likakohoa kama mtu aliyejifunika blanketi. Nyanchoka anasema nilinyweshe dawa.

Ijumaa, 24 Machi.

Wamekufa wawili zaidi. Mzee alitoboa siri kwamba ofisini waliwahi kuona samaki wakifa kwa bomba jipya la chuma lenye rangi ya fedha, kama hili langu. Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo. "Ulikuwa unaongea," akasema.

Nimeling'oa lote. Mama amegeuza uso ukutani. Chakula chake cha mchana kimerudi jikoni kama kilivyokwenda.

Jumatatu, 27 Machi.
Mvua: kubwa, tangu alfajiri.

Leo nimepata, na nimepata mahali pa aibu: nimekaa chini ya paa la jiko, nasikiliza Mama akipumua kupitia ukuta.

Pampu yangu ya mgodini haikuwa inakohoa kwa sababu ya maji. Ilikuwa inakohoa ikivuta hewa. Maji na hewa wakipita mlango mmoja lazima wapigane, na kelele ni hiyo vita. Kwa hiyo bomba lijazwe maji tupu, lisipate nafasi ya hata unyasi wa hewa, au lipewe maji machache sana yanayoteleza ukutani kama jasho. La kujaa halisemi. La jasho halisemi. Linalosema ni lile la katikati.

Basi yawe mabomba matatu ya kutolea maji. La kwanza mdomo wake uwe chini ya maji, na nje mwishoni liwe na koki ya kulibana mpaka lijae. La pili mdomo uwe juu kidogo, lichukue tone linalozidi. La tatu mdomo uwe juu zaidi, likae kavu, lisifanye kazi yoyote maisha yake yote, lingoje siku mbaya.

Nilimweleza Mzee kwa kuchora sakafuni na mkaa. Akavua miwani, akavaa, akasema, "Hili la tatu ni kama sisi wastaafu." Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akifanya mzaha. Nilicheka kupita kiasi ili asiache.

Halafu nikawaza kitu ambacho sikumwambia. Kifuani mwa Mama namo maji na hewa wanagombania bomba moja. Hapo sina koki.

Alhamisi, 30 Machi. Migori.
Mvua: usiseme.

Nimekuja kutafuta mabomba meusi ya plastiki tuliyotumia mgodini, yale ambayo hayana sumu kwa samaki. Mgodini kumeota nyasi mpaka kwenye mlango wa ofisi. Shimo langu limejaa maji mpaka juu, yametulia, vyura wanaimba. Miaka kumi na mmoja niliyasukuma, na yalihitaji miezi michache tu kurudi mahali pake. Nilitupa kokoto moja ndani, hapakuwa na mtu wa kumtania.

Mlinzi alinipa mabomba kwa hadithi moja ya Rangoon na tumbaku kidogo.

Jumapili, 2 Aprili.
Barabara imekatika mahali pawili. Nimefika na mabomba begani, nimevaa matope kama suti.

Jumanne, 4 Aprili.
Mvua: asubuhi. Maji: yanatembea.

Nilifungua. La kwanza likakohoa kidogo likitapika hewa. Nikaenda nje, nikabana koki kiasi cha unywele mmoja, nikarudi, nikaenda, nikabana unywele mwingine. Nyanchoka alihesabu safari kumi na nne. Safari ya kumi na tano nilirudi nikadhani bomba limeziba.

Halikuziba. Maji yalikuwa yanaingia na yanatoka na nyumba ilikuwa kimya. Saa ya ukutani ilisikika. Kuku nje walisikika.

Mama Filister alisikiliza akiwa amefumba macho. Akasema kwa Kijaluo "Ero kamano", maana yake asante. Kisha, bila kuongeza neno, akalala. Saa saba mchana! Mzee akavua viatu ndani ya nyumba yake mwenyewe na kutembea kwa soksi.

Mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikacheza peke yangu. Nyanchoka aliniona. "Wewe Mkuria, una wazimu." Nikamwambia nimekuwa fundi wa kwanza Nyanza kutengeneza kitu kisichofanya lolote linalosikika. "Hata mume wangu marehemu alikuwa hivyo," akasema.

Jumatano, 5 Aprili.
Amelala. Amekula ugali kiganja kimoja.

Jumamosi, 8 Aprili.
Sabato imepita bila mkono wa mtu. Fulu wanane, wote hai.

Jumanne, 11 Aprili.
Mvua: kila siku. Tangi la nje limejaa, maji yanasukuma kwa nguvu. Nimebana koki ya kuingilia.

Fulu mmoja jike ametuna kidevu na hali. Nilidhani ni ugonjwa, nikajiandaa kwa msiba. Mama akacheka, mara ya kwanza nimesikia, kicheko kidogo chenye maji ndani.

"Ana watoto. Wako mdomoni."

"Mdomoni?"

"Anawafuga humo. Hali mpaka wawe wakubwa. Sisi tuliwaona hivi kwenye mawe." Akapumua. "Sikupata wangu. Acha nimwone huyu akipata."

Tangu hapo nyumba nzima inauliza habari za mdomo wa samaki. Mzee akitoka kukamua anauliza. Nyanchoka, aliyesema samaki ni kitoweo, amemkaripia kuku aliyeingia sebuleni asimshtue mjamzito.

Ijumaa, 14 Aprili.
Mvua: jioni.

Kazi yangu imekwisha, lakini Mzee amesema nikae mpaka mvua zipungue. Nalala kwenye kibanda cha unga. Nyanchoka ameniita nje.

"Fundi, kuna dudu jeusi linaingia na kutoka kwenye bomba lako lile la tatu. Lina kiuno kama uzi. Linabeba udongo."

"Huyo ni mpangaji. Bomba halina kazi, acha apate nyumba."

Akacheka. Mimi pia. Ulikuwa mzaha mzuri.

Jumatano, 19 Aprili.
Mvua: kubwa. Jike bado amefunga mdomo. Mama amelala usiku mzima siku ya nne mfululizo. Mzee ananiita "Injinia".

Ijumaa, 21 Aprili.
Mvua: imetulia. Jioni, kutoka ziwani, wale wadudu wadogo wamepanda angani kama moshi wa moto mkubwa, upepo ukawaleta mlimani. Wameingia kila tundu, mpaka kwenye chai. Nimepangusa chujio nililoweka mdomoni mwa bomba la kwanza kabla jua halijazama, nikaomba dakika kumi zaidi. Mzee alisimama mlangoni na saa mkononi. "Inatosha, Injinia."

Jumamosi, 22 Aprili.
Nimefukuzwa kama kawaida. Kunanuka mvua.

Jumapili, 23 Aprili.

Nitaandika kama ilivyokuwa, kama kitabu cha pampu, bila mapambo.

Jana ilikuwa siku ya meza ya Bwana kanisani kwao. Mama alikuwa amelala vizuri mno hata wakaona wanaweza kwenda wote wawili, Mzee na Nyanchoka, warudi saa saba. Mama mwenyewe ndiye aliyewafukuza. Waliacha kijiko na sufuria karibu ya kitanda, agonge akihitaji mtu, na mtu wa kumsikia angekuwa jirani.

Saa nne ikaja mvua ya kupiga mabati kwa mawe. Hata ungegonga ngoma jirani asingesikia.

Wadudu wa ziwani walikuwa wameingia usiku kufuata taa, wakaangukia maji, mamia. Wakakusanyika kwenye chujio la bomba la kwanza kama uji. Likaziba. Halikukohoa, kwa sababu mimi nililikataza kukohoa. La pili likachukua linavyoweza, na nalo likajaa wadudu. Maji yakapanda mpaka mdomo wa la tatu, yakaingia, na ndani yake yakakuta ukuta wa udongo mgumu kama saruji, nyumba ya mpangaji wangu, vyumba vitano na buibui aliowaweka akiba ndani.

Tangi la nje lilikuwa limejaa, linasukuma. Maji yakapita juu ya kioo.

Mama alikuwa usingizini, usingizi niliompa mimi. Alipoamka sakafu ilikuwa ziwa na samaki walikuwa juu ya saruji. Mlango una kizingiti, maji hayakuwa na pa kwenda. Akagonga sufuria. Akagonga. Halafu huyu mwanamke, ambaye kwa wiki sita hajasimama bila kushikwa, akashuka kitandani. Akatambaa na beseni la kunawia akiokota fulu mmoja mmoja.

Waliporudi walimkuta ameketi majini, amelikumbatia beseni. Ndani wanne. Jike alikuwemo, lakini kidevu kimenywea. Kwa hofu alikuwa amewatema watoto wote sakafuni. Nyanchoka, masikini, hakujua. Alishika ufagio akasukuma maji yote nje ili kumwokoa Mama na baridi. Mama alikuwa anajaribu kumwambia acha, na hewa haikutosha kusema neno.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa sokoni chini ya paa la duka, watu saba wamenizunguka, naeleza mabomba matatu. Nilisema, haya ni maneno yangu, "Hata gharika ya Nuhu ingetoka pole pole bila kumwamsha mtoto."

Nilipofika Mzee alikuwa anamkanda miguu. Nilianza kusema habari za dudu. Akainua mkono.

"Mirumbe, mimi ndiye niliyekuzuia kusafisha jioni ile. Ulitaka dakika kumi. Nilitazama saa."

"Mzee, dudu niliambiwa. Nikacheka."

Tukakaa hivyo, kila mtu akitaka kubeba mzigo, na haukuwa unabebeka.

Jumanne, 25 Aprili.
Mvua: nyingi. Daktari amekuja, amesikiliza kifua, amekunja vyombo vyake polepole.

Alhamisi, 27 Aprili.

Nimebadilisha yote. La kwanza nimelipa chujio kubwa kama ndoo. Juu ya kioo nimeweka wavu wa chandarua. Mdomo wa nje wa la tatu nimeufunga kwa waya wa chujio la chai: maji yanapita, dudu hapiti. Chini yake nimepindua sufuria kuukuu, ili siku likifanya kazi lilie mpaka mjini wasikie.

Nililijaribu mbele ya Mama. Nikaziba la kwanza kwa kitambaa. Kimya, la pili likachukua. Nikaziba la pili kwa kidole gumba. Maji yakapanda, yakaingia la tatu, na nje sufuria ikapiga kama kengele ya kanisa.

"Hilo lina kelele," akasema Mama.

"Hilo linaruhusiwa. Hilo ni la kuita watu."

Akaweka kiganja kifuani. "Mimi nimebaki na moja tu," akasema, "nalo limejaa."

Nilifanya kama nakaza waya.

Jumamosi, 29 Aprili.
Sabato. Hakuna aliyekwenda kanisani. Mzee mwenyewe, na tai shingoni, alipangusa chujio saa tano mchana. Hakuniangalia. Nami sikumwona.

Jumapili, 30 Aprili.
Mvua: imepungua.

Nilimuuliza Nyanchoka kwa nini Mzee alikataa bomba lipite kushoto. Aliniangalia kama mtu aliyeuliza jua linatokea wapi.

"Umekaa na Wajaluo miaka kumi na mmoja hujui? Mwanamume huzikwa upande wa kulia wa nyumba yake. Mke, kushoto."

"Lakini ilikuwa Machi. Alikuwa anakula."

"Mzee alishaongea na daktari tangu Februari. Na Mama anajua. Dirisha lake linatazama wapi?"

Nilikwenda nikaangalia. Kitanda kimewekwa ili mtu akigeuka kutoka kwenye kioo aone nyasi zile. Kwa wiki saba nimekuwa nikimwita yule mzee mkaidi ndani ya kitabu hiki. Alikuwa anataka udongo wa mkewe ubaki mkavu.

Jumanne, 2 Mei.
Mvua: hakuna. Maji: yanatembea. Bomba: kimya.

Saa nne asubuhi nilikuwa ndani, hatua tatu kutoka kitandani, nasafisha chujio. Nyanchoka alikuwa jikoni. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake akisoma gazeti la wiki iliyopita. Nilisimama nikasikiliza. Nikawaza, sasa ndiyo, Mirumbe, hata Kolombo hawana kimya kama hiki. Nilifurahi. Naandika kwa sababu ni kweli: nilifurahi.

Kisha Mzee akashusha gazeti. Akasema, "Filister?"

Kimya kile hakikuwa changu chote.

Alhamisi, 4 Mei.
Mvua: hakuna.

Tumezika. Nilishika jembe pamoja na wapwa wa Mzee. Upande wa kushoto. Udongo ulikuwa mkavu mpaka futi sita, unakatika vizuri. Watu walijaa boma, wakalia, wakaimba, watoto wakabandika pua kwenye kioo. Siku mbili hizo za kelele bomba liliendelea na hakuna aliyelisikia. Dada zake walikuja kutoka Mfangano kwa mtumbwi. Mmoja alipowaona fulu wanne alisema tu, "Hata ninyi mliletwa huku?" na akakaa nao mpaka jioni.

Jumamosi, 6 Mei.
Nyanchoka amerudi Kisii. Aliniachia chapati sita na tusi moja. Nimevihifadhi vyote.

Jumanne, 9 Mei.
Mvua: kidogo, mchana.

Nimefunga vyombo. Nilimuuliza Mzee kama niling'oe sanduku, tuwarudishe samaki ziwani. Akasema ngoja. Alikuwa amekaa kwenye kitanda, upande wa mito. Hana tai. Sijawahi kuiona shingo yake.

"Silali, Mirumbe."

"Pole, Mzee."

"Miezi hii yote nilikuwa nalala nikimsikiliza. Akivuta, nangoja. Akitoa, nalala. Sasa nangoja tu." Akaonyesha ukuta. "Ile sauti ya kwanza. Unaweza kuirudisha?"

Nilikuwa na jibu la kuchekesha. Lilifika mpaka kwenye meno. Nikatoka nje, nikapiga magoti matopeni, nikaishika koki niliyoibana kwa safari kumi na tano, nikailegeza unywele mmoja. Nikasikiliza. Nikailegeza mwingine. Hewa ikaingia.

Gulu, gulu, gulu, khaaaa.

Nilikaa hapo nje, sikuthubutu kuingia. Baada ya muda nilichungulia dirishani. Alikuwa amelala na viatu, uso umeelekea kioo.

Jumatano, 10 Mei.
Mvua: hakuna. Maji: yanatembea. Samaki: wanne. Bomba: linakohoa, kwa amri ya mwenye nyumba. Sikuligusa.